Windows na Linux Katika Kompyuta Moja ya Chama: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuamua

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, mfumo ambao bado unaonekana katika kompyuta mpakato za ofisi za vyama vya msingi. Tangu hapo swali moja limekuwa likirudi katika ziara za ukaguzi: je, yafaa chama kiweke mfumo mwingine uitwao Linux ubavuni mwa Windows, katika kompyuta ileile, ili mwenye kuiwasha achague autakao?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa ajili ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wote. Jibu kwa ufupi ni hili: jambo lenyewe lawezekana, halina gharama ya leseni, na kwa baadhi ya vyama lina manufaa. Lakini si jambo la mtu mmoja kulifanya kwa shauku yake, wala halifai kufanywa katika kompyuta pekee ya chama wakati masoko ya tumbaku yako wazi. Kompyuta ni mali ya chama, na kilichomo ndani yake ni haki za wanachama.

MFUMO ENDESHI NI KITU GANI

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kama ghala lisilo na karani. Mzigo umo, mizani imo, lakini hakuna wa kupokea wala wa kutoa. Mfumo endeshi ndio karani huyo. Ndio unaoamua faili liwekwe wapi, programu gani ipewe nafasi ya kufanya kazi, na printa ipokee amri lini. Programu ya hesabu haiendi kwenye diski moja kwa moja. Hupitia kwa karani.

Windows ni karani mmoja, na Linux ni mwingine. Kila mmoja ana lugha yake na namna yake ya kupanga ghala. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya mmoja kwa kawaida haimtii mwingine. Huo ndio mzizi wa karibu mambo yote yatakayoelezwa hapa.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Hutolewa chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuinakili, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa, kwa sharti kwamba atakayeigawa awape wenzake haki hizohizo. Leo huendelezwa na maelfu ya watu pamoja na makampuni makubwa, kila mmoja akichangia sehemu yake na wote wakitumia mavuno. Mwanaushirika hahitaji kufafanuliwa zaidi utaratibu wa namna hiyo.

Linux ina matoleo mengi. Yanayomfaa mgeni ni Ubuntu, lililotoka mara ya kwanza mwaka 2004 na kuchukua jina lake katika neno la lugha za kusini mwa Afrika lenye maana ya utu; na Linux Mint, lililojengwa juu ya Ubuntu, ambalo sura yake haiko mbali na ya Windows.

Programu za namna hii si ngeni nchini mwetu. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maelekezo kwa Kiswahili. Leseni ilikuwa huru, na kwa hiyo haikuhitajika kuomba ruhusa ya mtu ili kuifanya programu iseme lugha yetu. Mrithi wa OpenOffice anayetumika zaidi leo ni LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, nayo huandika barua na kupiga hesabu za majedwali bila malipo, katika Linux na katika Windows pia.

KWA NINI SWALI LIMEZUKA SASA

Windows 10 haikuzimika siku ile ya Oktoba. Kompyuta huwaka na kuchapa kama kawaida, na kwa sababu hiyo wengine hudhani hakuna kilichobadilika. Kilichokoma ni ukarabati. Tundu jipya la usalama likigunduliwa, halizibwi tena. Kompyuta ya chama hupokea flashi za watu wengi na huingia katika intaneti karibu kila siku. Ikiachwa na matundu wazi, ni suala la muda tu kabla ya virusi kuingia na kuharibu faili au kuzifunga.

Taasisi inaweza kununua nyongeza ya matengenezo, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka isiyozidi 3, na bei yake huongezeka maradufu kila mwaka. Njia nyingine ni kuhamia Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Lakini Windows 11 ina masharti: kumbukumbu ya kufanyia kazi isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazitimizi masharti hayo, hata kama bado ni nzima.

Lipo na jambo la tatu ambalo halisemwi kwa sauti. Baadhi ya kompyuta huuzwa zikiwa na Windows isiyo na leseni halali. Chama kinachodai stakabadhi kwa kila kilo inayopita kwenye mizani hakiwezi kwa haki kuendesha hesabu zake kwa kitu kisicho na stakabadhi. Tena nakala za namna hiyo mara nyingine huja zimekwisha kupandwa virusi.

MIFUMO MIWILI HUKAAJE PAMOJA

Diski ya kompyuta hugawanywa sehemu mbili, kama shamba linavyogawanywa kwa tuta. Sehemu moja hubaki ya Windows, na nyingine hupewa Linux. Kompyuta inapowashwa, huonekana menyu fupi kwa sekunde chache ikimtaka mtu achague. Asipochagua, kompyuta hufuata njia iliyowekwa kuwa ya kawaida.

Sisi wa Tabora twaijua njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na hapo njia zikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kuelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Reli nayo, iliyofika Tabora mwaka 1912, iligawanyika hapahapa, kwenda Kigoma na baadaye Mwanza. Menyu ya kuwashia ni njia panda ya aina hiyo. Jambo la kushika ni kwamba msafara mmoja haukuweza kufuata njia mbili kwa siku moja. Aliyechagua Linux na akahitaji programu iliyoko Windows, hana budi kuizima kompyuta na kuiwasha upya. Kwa kazi ya ofisi yenye foleni ya wanachama mlangoni, usumbufu huo si mdogo.

Kadhalika, ruhusa ya kuingia ghala la mwenzake si sawa. Linux inaweza kusoma na kuandika katika sehemu ya Windows, lakini Windows peke yake haiwezi kusoma sehemu ya kawaida ya Linux. Kwa hiyo hesabu za chama zikitunzwa upande wa Linux, anayefungua kompyuta upande wa Windows hatazikuta, na anaweza kudhani zimepotea.

MANUFAA YAKE

Faida ya kwanza ni kurefusha maisha ya kompyuta. Mashine inayokataliwa na Windows 11 aghalabu huipokea Linux bila taabu. Ubuntu toleo la 24.04, kwa mfano, hupata matengenezo ya bure hadi mwaka 2029.

Faida ya pili ni usalama. Virusi vingi vinavyosafiri kwa flashi viliandikwa kwa ajili ya Windows, na vikifika kwenye Linux havina pa kushika. Haina maana kwamba Linux haidhuriki. Maana yake ni kwamba hatari hupungua.

Faida ya tatu ni kwamba kazi nyingi za chama siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari cha intaneti. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hufunguliwa kwa kivinjari. Firefox na Chrome zipo katika mifumo yote miwili. Barua, mihutasari ya vikao na majedwali ya kawaida huandikwa kwa LibreOffice.

Faida ya nne ni kujifunza taratibu. Kwa kuwa Windows haikuondolewa, katibu aliyekwama ana pa kurudi.

HATARI ZA KUZINGATIA

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wasome kwa makini.

Kwanza, kugawanya diski ni kazi ya upasuaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi na betri ya kompyuta ikawa imechoka, taarifa zote zilizomo zaweza kupotea.

Pili, Windows haizimiki kabisa inapozimwa. Ina utaratibu uitwao Fast Startup, ambao huacha sehemu ya kazi yake diskini ili iwake upesi kesho yake. Linux ikiikuta sehemu ya Windows katika hali hiyo, aghalabu hukataa kuandika humo. Ikilazimishwa, faili zaweza kuharibika. Utaratibu huo sharti uzimwe kabla ya kuweka Linux.

Tatu, kompyuta nyingine zimefungwa kwa kufuli la BitLocker. Mabadiliko katika namna ya kuwasha yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Asiyeuandika mapema atafungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Nne, saa. Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni saa ya hapa nyumbani, ilhali Linux huichukulia kuwa ni saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa 3. Matokeo yake ni kwamba mtu akitoka Linux na kuingia Windows, saa 2 asubuhi huonekana kuwa saa 11 alfajiri. Kwa mtu anayeandika barua, hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa chama kinachoandika mapokezi ya tumbaku, kazi iliyofanywa baada ya saa 6 usiku itaingia kwa tarehe ya jana, na mkaguzi atauliza. Dawa yake ni amri moja upande wa Linux, ya kuiambia iisome saa ya kompyuta kama saa ya nyumbani. Lakini lazima awepo mtu wa kukumbuka kuitoa.

Tano, majirani hawa wawili hawapatani daima. Agosti 2024 sasisho moja la usalama la Windows liliziacha baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikishindwa kuwasha Linux mpaka zirekebishwe. Jambo la namna hiyo likitokea siku ya soko, chama hakina budi kuwa na mtu wa kulitatua au njia nyingine ya kufanya kazi.

Sita, na hili husahauliwa kuliko yote: kuweka Linux hakuzibi matundu ya Windows 10. Katibu akiweka Linux, kisha akaendelea kuingia katika intaneti kwa Windows 10 ileile, hatari ya chama iko palepale, na amejiongezea kazi. Ukiamua kubaki na mifumo miwili kwa sababu ya Windows 10 kuzeeka, basi intaneti na flashi za wageni ziwe za upande wa Linux, na Windows 10 itumike kwa ile programu isiyopatikana kwingine tu, pasipo intaneti.

Saba, ujuzi wa mtu mmoja si ujuzi wa chama. Kijana hodari anaweza kuisanidi kompyuta vizuri leo, kisha mwakani akapata kazi Mwanza au Dodoma. Akiondoka na neno la siri kichwani, atakayepokea ofisi atakuta menyu asiyoielewa na ghala lenye karani asiyemjua.

MASWALI AMBAYO BODI IJIULIZE

Bodi isianze kwa kuuliza mfumo upi ni bora. Ijiulize maswali haya:

1. Ni programu zipi chama kinazitumia kila siku, na ipi kati yake haifanyi kazi ila kwa Windows? Programu za uhasibu zilizonunuliwa, pamoja na majedwali ya Excel yenye amri za kujiendesha, ndizo zinazoleta matatizo zaidi. LibreOffice hufungua majedwali ya Excel, lakini amri hizo zaweza kugoma.

2. Je, printa ya ofisi inakubali Linux?

3. Je, kompyuta inatimiza masharti ya Windows 11? Ikiwa inatimiza na leseni ni halali, kuhamia huko huenda kukawa ndiyo njia fupi.

4. Je, wapo watu wasiopungua 2 ofisini watakaojua kuitumia na kuitunza?

5. Je, nakala za akiba zipo, na zimejaribiwa kufunguliwa katika kompyuta nyingine?

Tutoe mifano miwili ya kufikirika. Chama cha kwanza kina kompyuta moja ya zamani inayokataliwa na Windows 11, na daftari la pembejeo la wanachama 240 limo katika jedwali la Excel lenye amri za kujiendesha zilizoandikwa na karani aliyekwisha kuondoka. Chama hiki kisiguse diski hiyo kwa sasa. Kazi yake ya kwanza ni kuandika upya jedwali hilo kwa namna iliyo wazi, na kutenga fedha za kompyuta ya pili katika makisio ya mwaka ujao. Mpaka hapo, ile ya zamani isiingizwe katika intaneti bila sababu.

Chama cha pili kina kompyuta mbili. Mpya ina Windows 11 na programu ya uhasibu. Ya zamani hutumika kwa barua na MUVU. Chama hiki hakihitaji mifumo miwili katika kompyuta moja. Ile ya zamani ipewe Linux peke yake, na mpya ibaki na Windows. Hakuna kuzima na kuwasha, hakuna ugomvi wa saa, na kila karani ana ghala lake.

Kwa hiyo basi, mifumo miwili katika kompyuta moja hufaa zaidi pale ambapo kompyuta ni moja tu, ina nafasi ya kutosha, ipo programu moja au mbili zinazodai Windows kwa lazima, na yupo mtu wa kuitunza. Pungufu ya hapo, njia nyingine ni salama zaidi.

UTARATIBU WA KUFUATA

Bodi ikisharidhia, na uamuzi ukaandikwa katika muhtasari wa kikao, kazi ifanywe kwa mpango huu.

Wakati uwe ni baada ya masoko kufungwa na malipo ya wakulima kukamilika, kabla ya ugawaji wa pembejeo za msimu mpya kupamba moto.

Zitolewe nakala 2 za taarifa zote, katika vyombo viwili tofauti. Moja ikae katika sefu ya chama, nyingine mbali na ofisi. Zifunguliwe katika kompyuta nyingine mbele ya mjumbe wa bodi, ili ithibitike kuwa zinasomeka. Orodha ya wanachama na madeni yao ichapwe katika karatasi na kutiwa sahihi.

Ufunguo wa BitLocker, kama upo, uandikwe na kuhifadhiwa. Fast Startup izimwe.

Kisha Linux ijaribiwe bila kuiweka. Matoleo kama Ubuntu na Mint huweza kuwashwa kutoka katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, na kompyuta ikafanya kazi pasipo kuguswa diski. Wiki nzima ya majaribio hayo itaonyesha kama printa inachapa, kama MUVU inafunguka, na kama majedwali yanasomeka. Vyama vingi vitapata jibu lao katika hatua hii, bila kuhatarisha kitu.

Matokeo yakiridhisha, nafasi ya Linux, isiyopungua gigabaiti 25 na ikiwezekana zaidi, ipunguzwe kutoka sehemu ya Windows kwa kutumia zana za Windows zenyewe. Kompyuta iwe kwenye umeme na betri iwe imejaa.

Mwisho, saa ya mifumo yote miwili ilinganishwe, na maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha, ifungwe kwa lakiri na kuwekwa katika sefu kwa hati ya makabidhiano.

NENO LA MWISHO

Mkulima akishauza tumbaku yake, kinachobaki mkononi mwa chama ni maandishi: kilo ngapi, daraja gani, deni la pembejeo limekatwa kiasi gani. Mkopo wa pembejeo huchukuliwa kwa jina la chama, na maandishi hayo yakipotea, mwanachama aliyelipa hana cha kumtenga na yule ambaye hakulipa, na mzigo huwaangukia wote.

Kwa sababu hiyo, atakayeamua kuweka Linux, na atakayeamua kubaki na Windows, wote wawili watapimwa kwa kipimo kimoja. Mwanachama akija ofisini akaomba kuona hesabu yake ya misimu mitatu iliyopita, na katibu aliyezoea kompyuta hayupo, je, atakayekuwepo ataweza kuifungua? Bodi inayoweza kujibu ndiyo kwa swali hilo imeamua vema. Isiyoweza iache diski kama ilivyo, na ianze na nakala za akiba.